Moshi wa Usukumani na Hesabu Isiyofungika

Mkulima wa pamba wa Kisesa au Magu akishamaliza kuvuna, kuna kazi moja ambayo maofisa ugani humhimiza kila mwaka: ang'oe mashina yaliyobaki shambani, ayakusanye, ayatie moto. Yakiachwa yanachipua maotea, na maotea yanawalea wadudu waharibifu mpaka msimu ujao. Jirani yake mfugaji naye anachoma nyasi kavu ili malisho mabichi yachipue. Mwingine anachoma mabua ya mahindi. Porini tanuri la mkaa linafuka siku nyingi mfululizo, na nyumbani mafiga hayapoi. Ni miezi ileile ambayo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, wanashindana kwa ngoma pale Bujora, kwenye sikukuu ya Bulabo ambayo mara nyingi huangukia Juni. Kuanzia hapo hadi Oktoba anga ya Usukumani hupoteza ubuluu wake, jua la jioni linazama likiwa jekundu, na vilima vya mawe vya ng'ambo vinafifia machoni.

Kinachovififisha ni erosoli, yaani chembe ngumu au za majimaji zilizo ndogo kiasi cha kuelea hewani. Nyingi hazifiki upana wa mikromita moja, wakati unywele wa binadamu una mikromita kama sabini. Moshi ni chanzo kimojawapo tu. Kuna vumbi la jangwani na la njia za ng'ombe, kuna chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari, kuna salfeti inayotokana na makaa ya mawe na mafuta mazito ya meli, kuna masizi, na kuna mabaki ya mimea yaliyoungua nusu. Chembe hizi hukaa angani siku chache, pengine wiki moja au zaidi kidogo, kisha mvua inaziosha au zinaanguka zenyewe. Hewa ukaa hukaa karne nyingi, na kwa sababu hiyo imetapakaa duniani karibu sawasawa. Erosoli hazipati muda huo. Zilizo juu ya Magu leo zina rangi, unyevu na wingi usiofanana na zilizo juu ya Delhi au Rotterdam, na hata Magu yenyewe ya Agosti si ya Aprili.

Jambo hili lingeweza kubaki mikononi mwa madaktari wa mapafu, lakini limekuwa shimo kubwa kuliko yote katika hesabu ya joto la dunia. Ripoti ya sita ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, iliyotolewa mwaka 2021, inakadiria kuwa tangu 1750 hadi 2019 hewa ukaa iliyoongezwa na binadamu imeifanya dunia ibaki na nishati ya ziada ya wati 2.16 kwa kila mita ya mraba. Erosoli zilifanya kinyume: ziliondoa wati 1.1 hivi. Hadi hapo mambo ni mepesi. Tatizo liko kwenye mipaka ya makadirio. Kiwango cha nishati kwa upande wa hewa ukaa kinajulikana kwa tofauti ya asilimia kumi na kitu. Cha erosoli kinaweza kuwa wati 0.4, kinaweza kuwa 1.7. Mpaka wa juu ni zaidi ya mara nne ya ule wa chini.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Katika muongo wa 2011 hadi 2020, uso wa dunia ulikuwa na joto lililozidi lile la nusu ya pili ya karne ya 19 kwa nyuzi 1.1 hivi. Tuseme erosoli zimepoza kidogo tu. Basi joto hilo ndilo karibu jibu lote la dunia kwa gesi tulizomwaga, na tunaweza kusema dunia si nyepesi sana kukasirika. Tuseme zimepoza sana. Hapo nyuzi 1.1 ni mabaki ya joto kubwa zaidi ambalo chembe zimelizuia, na dunia inaitikia gesi kwa ukali tusiouona bado. Vipimajoto peke yake haviwezi kuamua lipi ni kweli, kwa kuwa vinasoma matokeo ya pande mbili zikiwa zimekwisha kutoana. Anayetaka kujua joto la mwaka 2060 lazima kwanza ajue chembe za mwaka 1990 zilifanya kazi gani, na hakuna aliyezihesabu vizuri.

Kwa nini zisihesabiwe? Njia nzuri ya kuelewa ni kuufuata moshi wenyewe tangu unapoondoka shambani.

Kwanza kuna rangi. Nyasi kavu za Agosti huwaka haraka kwa miali mirefu, na moto wa miali hutoa masizi mengi meusi. Shina la pamba lenye unyevu, au gogo lililofukiwa kwenye tanuri la mkaa, linafuka bila miali, na moshi wake ni mweupe mweupe, umejaa mabaki ya mimea yanayotawanya mwanga badala ya kuumeza. Masizi humeza mwanga wa jua na kuipasha joto hewa yanamoelea. Chembe nyeupe hurudisha mwanga angani na kupoza. Moto mmoja hutoa vyote viwili, kwa uwiano unaobadilika saa kwa saa kadiri miali inavyofifia na makaa yanavyobaki. Hata taa zina tabia zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kibatari cha utambi hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa kuwa masizi meusi matupu, kiasi kikubwa mno kuliko wakadiriaji walivyokuwa wameweka kwenye majedwali yao. Karabai ya mvuvi wa dagaa inachoma vizuri zaidi, na siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za betri na sola, habari njema ambayo huchelewa kwa miaka kuingia kwenye majedwali ya dunia.

Moshi ukishanyanyuka, unaanza kubadilika. Chembe hugongana na kuungana, masizi hufunikwa ngozi ya mvuke na tindikali, na kwenye hewa yenye unyevu zinavimba. Sizi lililofunikwa hivyo linaweza kumeza mwanga mwingi kuliko lilipokuwa tupu, na pia linanyonya maji kwa urahisi zaidi, kwa hiyo linaoshwa na mvua mapema. Mambo mawili yanayovutana, ndani ya chembe isiyoonekana kwa macho.

Halafu kuna kilicho chini yake. Miezi ya Juni hadi Septemba upepo mkuu katika ukanda huu hutoka kusini-mashariki, ukisukuma moshi wa Shinyanga, Tabora na Mwanza kuelekea ziwani na ng'ambo yake. Ziwa Viktoria, kilometa za mraba 68,800 za maji, ni jeusi ukilitazama kutoka juu, maana maji hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua. Juu ya weusi huo, hata moshi wa kijivu ni mweupe: unarudisha mwanga ambao maji yangeumeza, na unapoza. Lakini moshi wa savana na miombo wa kusini mwa ikweta, huu wetu ukichanganyika na ule wa Kongo, Zambia na Angola, husafiri magharibi hadi juu ya Atlantiki. Huko, pwani ya Angola na Namibia, unakuta utando mpana wa mawingu meupe yaliyolala chini. Sasa moshi uleule ni mweusi kuliko kilicho chini yake. Unameza mwanga ambao wingu lingeurudisha, na unapasha joto.

Safari hiyo ya magharibi imechunguzwa kwa ndege kuliko safari nyingi za moshi duniani. Kati ya 2016 na 2018 shirika la NASA liliendesha kampeni ya ORACLES, na mwaka 2017 Waingereza walituma ndege yao ya utafiti kisiwani Ascension katika kampeni ya CLARIFY. Walikuta kwamba moshi hautulii juu ya mawingu kama modeli nyingi za kompyuta zilivyochora. Mara nyingi hushuka na kuingia ndani yake, na matokeo yanageuka tena. Tofauti ya mita mia chache za kimo inatosha kubadilisha jibu kutoka kupoza kuwa kupasha. Modeli inayokosea kimo cha moshi inaweza kupata wingi wake sawasawa na bado ikatoa jibu la kinyume.

Na hayo yote ni kazi ya moja kwa moja, chembe na mwanga. Sehemu kubwa ya zile wati 1.1, karibu robo tatu, inatokana na kitu kingine: mawingu.

Mvuke haugeuki tone hivihivi. Hewa safi kabisa, isiyo na chembe, ingebidi ijazwe mvuke mara kadhaa kupita kiwango chake cha kawaida kabla ya tone kujiunda. Mskoti John Aitken alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba kila tone linahitaji chembe ya kushika. Ukiongeza chembe bila kuongeza mvuke, maji yaleyale yanagawanywa kwa matone mengi zaidi, kila moja dogo zaidi. Chukua bonge la chumvi ya mawe, ambalo mwanga hulipenya, ulisage: ni chumvi ileile, lakini unga wake ni mweupe pe, kwa kuwa nyuso za kurudisha mwanga zimeongezeka. Wingu lenye matone mengi madogo ni jeupe zaidi kwa sababu hiyohiyo. Sean Twomey alilieleza hili katika miaka ya 1970, na hakuna anayelibishia.

Ubishi unaanzia hatua ya pili. Mwaka 1989 Bruce Albrecht alitoa hoja kwamba matone madogo hayaanguki upesi kama mvua, kwa hiyo wingu litadumu muda mrefu zaidi na kubeba maji mengi zaidi, na kupoza kutaongezeka. Hoja ina mantiki, na modeli nyingi ziliichukua. Kisha asili ikaleta jaribio. Kuanzia Agosti 2014 hadi Februari 2015 mpasuko wa Holuhraun nchini Iceland ulitoa salfa nyingi ajabu juu ya bahari yenye mawingu ya chini. Watafiti walipotazama picha za setilaiti waliona matone ya mawingu yamekuwa madogo, kama Twomey alivyosema. Maji yaliyomo mawinguni hayakuongezeka kwa kiasi cha kutambulika. Hewa kavu inayoingia mawinguni hukausha matone madogo haraka, na inaonekana ilifuta faida ambayo Albrecht aliitarajia. Modeli zilizokuwa zimetegemea maji kuongezeka sana zilionekana zimetia chumvi.

Mawingu ya Iceland ni mapole, hata hivyo. Ya Ziwa Viktoria si mapole. Mchana nchi kavu hupata joto na kuvuta upepo wa ziwa kuelekea bara. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na joto, na pepo za kutoka kila ufuko hukutana katikati ya ziwa na kuinua dhoruba za radi. Wavuvi wa Ukerewe na Kome wanazijua dhoruba hizo kwa majina ya ndugu waliopotea. Sasa mimina moshi humo. Nadharia moja inasema matone madogo yatashindwa kunyesha mapema, yatapanda juu zaidi na kuganda huko, yatatoa joto la kuganda, na dhoruba itapata nguvu ya ziada. Nyingine inasema moshi unapunguza jua linalofika ardhini mchana, unadhoofisha tofauti ya joto kati ya nchi na maji, na mzunguko mzima wa pepo unalegea. Ya kwanza, iliyopata umaarufu kupitia makala ya Daniel Rosenfeld na wenzake mwaka 2008, bado inapigwa vita na wataalamu wa mawingu waliobobea. Mimi naona wanaoipinga wana hoja nzito zaidi, kwa kuwa dhoruba moja na nyingine hutofautiana kwa sababu nyingi mno, na ni rahisi kuupa moshi sifa ya kazi iliyofanywa na unyevu.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa mbali hulisahau. Moshi mwingi Usukumani huja wakati mvua ni haba. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Hakuna mawingu makubwa ya kuchezewa. Miezi ya kutazamwa ni Septemba na Oktoba, moto wa mwisho unapokutana na vuli ya kwanza. Wastani wa mwaka, ambao ndio unaojaa kwenye majedwali ya ripoti za kimataifa, unauficha mkutano huo kabisa.

Nisiliache ziwa kabla ya kutaja kwamba chembe hazibaki angani. Mwaka 2005 Rashid Tamatamah na wenzake walichapisha vipimo vya vumbi na mvua vilivyokusanywa kandokando ya ziwa, na hesabu yao ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani huanguka kutoka hewani, zaidi ya ile inayoletwa na mito. Fosforasi ni mbolea ya mwani. Majivu ya shamba la Magu yanaweza kuishia kuwa uchafu wa kijani kwenye ghuba ya Mwanza. Hiyo si hesabu ya tabianchi, lakini ni moshi uleule, na modeli inayosema ni kiasi gani kinaelea inapaswa pia kusema ni kiasi gani kinaanguka na wapi.

Modeli zenyewe ni nini hasa? Ni kanuni za fizikia zilizoandikwa kwa kompyuta: hewa, maji, joto na mwanga vikihesabiwa hatua kwa hatua. Dunia inakatwa vipande, na kila kipande kinapewa joto moja, unyevu mmoja, upepo mmoja. Katika modeli nyingi za dunia nzima kipande kina upana wa kilometa 100 hivi. Ziwa Viktoria lote linaingia katika vipande saba. Mwanza, Kisesa, Bujora, Magu na sehemu ya Ghuba ya Speke vinaweza kuwa kipande kimoja, nusu maji nusu nchi, kisicho na upepo wa ziwa kwa kuwa upepo huo unahitaji pande mbili. Ndani ya kipande hicho modeli inatakiwa kujua jinsi chembe ya sehemu ya kumi ya mikromita inavyonyonya mvuke. Kati ya chembe hiyo na kipande kile kuna tofauti ya ukubwa ya mara trilioni moja. Hakuna kompyuta inayoweza kubeba ngazi zote hizo kwa pamoja, kwa hiyo wataalamu wanaandika kanuni za mkato: chembe zikiwa nyingi hivi na hewa ikipanda kwa kasi hii, basi matone yatakuwa mengi hivi. Kanuni za mkato ndipo modeli zinapoachana. Tangu 2003 mradi wa AeroCom umekuwa ukizilinganisha, ukizipa takwimu zilezile za moshi na kuona kila moja inafikia jibu gani. Hata zikianza na moshi sawa hazifiki pamoja.

Modeli za eneo dogo, zenye vipande vya kilometa chache, zinaliona ziwa vizuri na zimesaidia sana utabiri wa dhoruba za usiku. Gharama yake ni kubwa, haziwezi kuendeshwa kwa karne nzima ya dunia yote, na mara nyingi zinapewa erosoli zilizopangwa tayari, za wastani, zisizoitikia mvua ya siku hiyo.

Hata modeli kamilifu ingekwama kwenye swali la mwanzo: moshi ni kiasi gani? Kwa miaka mingi jibu lilitokana na setilaiti zinazotambua eneo lililoungua kwa picha ambazo kila nukta yake ni mita 500. Shamba la pamba la familia ni dogo kuliko nukta hiyo. Mwaka 2021 Ruben Ramo na wenzake walirudia hesabu ya mwaka 2016 kwa Afrika kusini mwa Sahara wakitumia picha za mita 20, na eneo lililoungua likaongezeka kwa asilimia 80. Fikiria mhasibu anayegundua karibu nusu ya matumizi ya kampuni haikuandikwa. Na bado hiyo ni mioto inayoonekana kutoka juu. Moto wa jikoni hauonekani. Unakisiwa kwa kuzidisha idadi ya watu kwa kuni zinazodhaniwa kutumika, kisha kwa masizi yanayodhaniwa kutoka kwa kila kilo.

Kuzipima chembe zikiwa angani kungesahihisha makosa ya kuzikisia zikiwa shambani. Hapa ndipo upande wetu wa dunia ulipo mtupu. Mtandao wa AERONET, ulioanzishwa na NASA miaka ya 1990, unatumia kifaa kinachotazama jua moja kwa moja na kupima ni kiasi gani cha mwanga kimepotea njiani. Upande wa Kenya kifaa cha aina hiyo kimewahi kufanya kazi Mbita, ufukweni mwa ziwa, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Mlima Kenya una kituo cha hewa kilichofunguliwa mwaka 1999 katika mita 3,678. Rwanda ina kituo juu ya Mlima Mugogo, mita 2,590, na vipimo vyake vimeonyesha masizi yakipanda mara mbili kwa mwaka, katika kila kiangazi: Desemba hadi Februari moshi ukitoka kaskazini, Juni hadi Agosti ukitoka kusini na mashariki, yaani kwetu. Kampala ina AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza 2015, yenye vifaa vya bei nafuu vinavyopima chembe wanazovuta watu barabarani. Mwanza ina rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa pale Kiseke, kazi yake ikiwa kuona matone ya mvua. Chembe za moshi ni ndogo mno kwake.

Setilaiti zinasaidia, kwa masharti. Mawingu yakitanda hazioni. Zikipita saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana, moto uliowashwa saa kumi unazikwepa. Zinajumlisha safu nzima ya hewa, na ni chache zinazoweza kusema chembe ziko kimo gani au zina rangi gani. Machi 2011 NASA ilirusha Glory, setilaiti iliyobeba kifaa cha kutofautisha aina za erosoli. Kifuniko cha roketi kilikataa kufunguka na yote ikaishia baharini. Vifaa vya aina hiyo vilipaa na setilaiti nyingine ya NASA, PACE, Februari 2024. Miezi mitatu baadaye Ulaya na Japani zikarusha EarthCARE, inayotuma mwale wa leza chini na kupima kimo cha moshi na wingu kwa pamoja, kitu hasa kinachohitajika kwenye safari ile ya moshi hadi Atlantiki.

Pale hali inapokuwa rahisi, sayansi hii hufanya kazi vizuri, na hilo lisemwe. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, salfa yake ilipanda juu kupita mawingu yote, ikatapakaa kwenye tabaka kavu na kudumu zaidi ya mwaka. James Hansen na wenzake walitabiri kwa modeli yao kwamba dunia ingepoa kwa karibu nusu nyuzi, na ikapoa hivyo mwaka 1992. Hakukuwa na mawingu ya kuvuruga, hakukuwa na mchanganyiko wa rangi, wala moto mdogo uliofichika.

Basi mvua yetu inaingia wapi? Watafiti wana kitendawili kinachohusu masika ya Afrika Mashariki. Kuanzia miaka ya 1980 vipimo vilionyesha masika ya Machi hadi Mei ikipungua kwa miongo kadhaa, wakati modeli nyingi zinatabiri kuwa dunia ikipata joto masika itaongezeka. Mwaka 2015 Dave Rowell na wenzake walipanga sababu zinazoweza kueleza ukinzani huo, na mabadiliko ya erosoli yalikuwa miongoni mwa zile ambazo hawakuweza kuzitupa. Njia yake haipiti kwenye moshi wa Magu. Inapitia baharini. Ukanda wa mvua za tropiki huelekea upande wa dunia wenye joto zaidi; ukipoza nusu ya kaskazini kwa salfeti ya viwanda, ukanda unasukumwa kusini. Salfeti ya Ulaya na Marekani inahesabiwa kuwa sehemu ya sababu za ukame wa Sahel wa miaka ya 1970 na 1980. Bahari ya Hindi nayo, inayotuletea unyevu, inabadilisha mpangilio wake wa joto kulingana na chembe zinazoifunika kutoka Asia.

Kwa kuwa kazi ya kila aina ya chembe bado haijulikani vizuri, naona mjadala wa nishati safi ya kupikia unakosewa pale unapouzwa kama dawa ya tabianchi. Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na sababu yake ya kwanza inatosha kabisa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na moshi wa majumbani, na wanaouvuta zaidi ni mama na watoto wa jikoni. Kupungua kwa ukataji wa miti kunaongeza uzito. Lakini ukiuliza kuondoa masizi ya mafiga kutapoza dunia kiasi gani, makadirio yameyumba vibaya. Mwaka 2013 kundi kubwa la wataalamu lilisema masizi meusi yanaongeza wati 1.1, ripoti ya IPCC ya 2021 ilishusha kiwango hicho hadi karibu sehemu ya kumi yake, na mpaka wa chini ukavuka sifuri. Masizi hayatoki jikoni peke yake, yanatoka na chembe nyeupe, na zote zinaondoka pamoja.

Usafi wenyewe una deni lake. Tarehe 1 Januari 2020 kanuni ya shirika la kimataifa la usafiri wa majini ilishusha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mistari myeupe ya mawingu nyuma ya meli ikapungua. China ilikata dioksidi ya salfa kwa zaidi ya nusu kati ya 2013 na 2017 pekee. Wachina wanavuta hewa bora, na joto lililokuwa limezuiwa na chembe zile linaonekana sasa. India bado inachoma makaa ya mawe mengi bila vichujio vya salfa katika mitambo yake mingi, na upepo wa kaskazi ukivuma, chembe hizo hushuka juu ya Bahari ya Hindi kuelekea kwetu. Anayetaka kukadiria masika ya Magu ya mwaka 2040 itambidi aanze kwa kukisia mitambo hiyo itafungwa vichujio lini.